Kipepeo wa kahawia: kiwavi wake yupo kwenye mpunga, lakini si kiwavijeshi

Ukipita jioni kando ya mashamba ya mpunga Kibiti au kwenye delta ya Rufiji, utawaona vipepeo wa kahawia wanaruka chinichini, wanatua ghafla, halafu hawaonekani tena. Hawajaenda mbali. Wamekunja mbawa, wamefanana na jani kavu.

Ni wa kundi gani?

Wataalamu wanawaweka kwenye familia ya Nymphalidae, familia ndogo ya Satyrinae, yenye spishi zaidi ya 2,000 duniani. Ukanda wa pwani ya Tanzania wapo Bicyclus safitza, Bicyclus anynana na Melanitis leda, huyu mkubwa anayeruka jioni na kufuata taa. Jina leda alipewa na Linnaeus mwaka 1758.

Utamtambuaje?

Tazama miguu: anasimama kwa minne tu, miwili ya mbele imedumaa. Kwenye mbawa ana madoa ya duara kama macho. Maua hayashughulikii sana. Chakula chake ni matunda yaliyooza, mfano embe lililoanguka.

Mmoja, mavazi mawili

Wakati wa mvua madoa yake huwa makubwa. Ndege akishambulia, hudonoa madoa yaliyo pembeni ya mbawa, na kipepeo anatoka na kichwa chake kizima. Kiangazi majani yakikauka, madoa hupungua au kupotea, anabaki na rangi ya majani makavu. Wengi hudhani ni vipepeo wawili tofauti. Kumbe ni yuleyule.

Kinachoamua ni joto analolipata akiwa kiwavi. Hilo limechunguzwa sana kwa Bicyclus anynana waliochukuliwa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988 na kufugwa maabara: joto likiwa nyuzi 27 hutoka wenye madoa makubwa, likishuka chini ya 20 hutoka wenye madoa madogo. Wa kiangazi huishi muda mrefu zaidi, wakisubiri mvua ioteshe nyasi ndipo watage.

Kutoka yai hadi kipepeo

Jike hutaga kwenye majani ya nyasi. Kiwavi hula nyasi hizo, kisha hujining'iniza kichwa chini na kuwa pupa. Msimu wa joto safari yote huchukua kama mwezi mmoja.

Na mpunga je?

Mpunga nao ni jamii ya nyasi, hivyo kiwavi wa Melanitis leda huula. Hapa ndipo mkulima anaweza kuingia gharama bure. Kiwavi huyu ni wa kijani, ana pembe mbili kichwani na ncha mbili mkiani, na utamkuta mmojammoja, akila jani kuanzia ukingoni. Kiwavijeshi hana pembe. Anakuja kwa makundi makubwa, mara nyingi mweusi mwenye mistari ubavuni, na anaweza kumaliza shamba kwa siku chache.

Kiwavijeshi ukimwona, toa taarifa kwa afisa ugani haraka. Mwenye pembe ni nadra kupunguza mavuno, kwa sababu mpunga huchipua tena na nyigu wadogo huharibu mayai yake. Ukimpulizia dawa, unawaua na hao nyigu wanaokusaidia.

Kwa hiyo kabla hujashika bomba la dawa, angalia kichwa cha kiwavi kwanza.