Muganga na mugonjwa kuamua pamoja: funzo la Ebola

Kuamua pamoja ni hivi: muganga anaeleza kinachojulikana juu ya kila dawa, faida na hatari, mugonjwa anaeleza hali yake, hata woga wake, kisha wanachagua.

Jimbo letu la Kivu ya Kaskazini lina mfano. Wakati wa Ebola, watu wengi walikimbia vituo vya matibabu wakisema: "Kule ni kwenda kufa." Novemba 2018 utafiti PALM ulianza kupima dawa nne. Mugonjwa, ao ndugu yake kama yeye hana nguvu, alielezwa kwanza ndipo akubali ao akatae.

Agosti 2019 matokeo yalionekana wazi. Kwa siku 28, kati ya wagonjwa 100 waliopewa remdesivir walikufa 53, ZMapp, 50, mAb114, 35, REGN-EB3, karibu 34. Tangu hapo wagonjwa walipewa hizi mbili za mwisho. Waliofika mapema walipona zaidi.

Hesabu ielezwe pande zote mbili: kusema "35 walikufa" bila kusema "65 walibaki hai" kunaongeza woga.

Wewe wa Kirotshe, ukifika hospitali ao kituo cha afya, kwa malaria ao kupasuliwa, uliza:
- Kuna njia ngapi?
- Kati ya watu 100 kama mimi, wangapi wanapona? Wangapi wanapata shida?
- Nikingoja, itakuwa nini?

Hujaelewa? Omba arudilie kwa luga unayosikia vizuri. Kuuliza si kumuzarau muganga.