Ubavu Usiounga

Mtu akianguka kutoka mnazini Bagamoyo, au akigongwa akiwa kwenye bodaboda kati ya Bunju na Mapinga, anaweza kuvunjika mbavu. Mbavu hazifungwi hogo, kwa kuwa kifua hakina budi kupanuka kila anapovuta pumzi, mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mgonjwa hupewa dawa za maumivu na kufundishwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, asije akapata nimonia. Wiki 6 hadi 12 zikipita, aghalabu mbavu huwa zimeunga.

Wachache huendelea kuumwa, na wakigeuka kitandani husikia mfupa ukigonga. Miezi 6 ikipita na picha ya CT ikaonyesha vipande bado vimeachana, hali hiyo ni kutounga kwa mfupa. Wapo wanaosema “kutopona”, lakini anayepona ni mtu: michubuko inaweza kukauka, mgonjwa akarudi kazini, na mfupa ukawa haujaunga. Pia tutenganishe kutounga na kuchelewa kuunga, ambako mfupa unajijenga polepole, na kuunga kombo, ambako vipande vimeshikana vikiwa vimepinda. Katika kutounga, ujenzi umesimama na pengo limejaa kovu. Vipande kuachana mno, sigara na kisukari huchangia.

Asiyeumwa huweza kuachwa bila kupasuliwa. Anayeteseka hupewa rufaa kwa mabingwa, na kwa watu wa Bagamoyo safari hiyo huelekea Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Katika upasuaji wa namna hii, daktari huondoa kovu, hukwangua ncha za mfupa mpaka zitoe damu, na pengo likiwa kubwa hulijaza chembe za mfupa zilizochotwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Kisha hulaza bamba la titani juu ya ubavu na kulikaza kwa skrubu.

Mtaani watasema “amewekewa chuma”, na wengine “ameungwa mbavu”. Istilahi ninayoipendekeza ni kushikiza ubavu kwa bamba. Bamba hutuliza vipande tu. Kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe, nayo huchukua miezi. Mgonjwa aliyeambiwa ameungwa hubeba gunia mapema na kuwasha sigara. Aliyeambiwa ubavu umeshikizwa anajua kwamba bado kuna kazi inayoendelea, na kwamba anaweza kuiharibu.