Mahame na Mwangwi: Pate, Gede na Safari ya Kutafuta Hofu

Pwani ya Kenya imejaa mahame. Kuanzia Pate na Takwa upande wa kaskazini hadi Mnarani na Jumba la Mtwana upande wa kusini, kuta za matumbawe zimesimama bila paa, na makaburi yenye minara yamechomoza juu ya vichaka. Wasafiri huyaendea mahame haya kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni hamu ya kuonja hofu. Swali linalozuka ni hili: hofu hiyo hutoka wapi, na huficha nini?

Katika fasihi ya Kiswahili, safari ya aina hii ni kongwe kuliko utalii. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi kwa lahaja ya Kiamu, kila ubeti ukiwa na vipande vinne na kila kipande mizani 10. Mtunzi anausemesha moyo wake, na ili kuuzindua anauonyesha Pate iliyoanguka. Majumba yaliyong'aa kwa taa yamo gizani, popo wananing'inia, vidaka vilivyopambwa kwa sahani za kaure vimekuwa malazi ya makinda ya ndege. Kisha anamgeukia asiyesadiki na kumwamuru aende mwenyewe, atupe macho huku na huku, aite. Hataitikiwa ila na mwangwi.

Hata hivyo, hofu katika utungo huu ni njia tu, wala si kikomo cha safari. Mtunzi anajua majumba hayo yalikuwa ya nani na wenyewe waliishi vipi. Baadhi yao anawataja kwa majina na kwa ukoo. Wafu wake si mizimu isiyojulikana bali ni jamaa, na kimya chao ni mawaidha.

Gede haikupata mtunzi wa namna hiyo. Mji huu, uliomo msituni karibu na Watamu, kusini mwa Malindi, una msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima virefu na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Ajabu ni kwamba Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498 na baadaye wakaishi huko, hawakuuacha na kumbukumbu inayotambulika. Wenyeji wake waliuhama katika karne ya 17. Wanahistoria wanataja kushuka kwa maji visimani, mashambulizi ya Waoromo na kudhoofika kwa Malindi baada ya mtawala wake kuhamia Mombasa katika miaka ya 1590. Lakini hakuna shairi wala tarikhi iliyoeleza msiba huo kwa sauti ya waliofikwa nao.

Pengo hilo halikukaa tupu. Kwanza liliingiwa na mizimu. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, alikiri katika maandishi yake kwamba mwanzoni alihisi kana kwamba kuna kitu kikimtazama kutoka nyuma ya kuta. Pili, liliingiwa na wenyewe wa kubuniwa: kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kiliuita mji huo, katika anwani yake, mji wa Waarabu. Ilikuwa hadi uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, kuanzia mwaka 1980, ndipo ikadhihirika wazi kwamba miji ya aina hii ilichipuka kutoka vijiji vya wenyeji wa pwani.

Haifai, basi, kudhani kwamba imani ya mizimu ndiyo yenye makosa. Kwa majirani wa Gede, mizimu ni adabu ya mahali: humzuia mtu kupachezea. Hali kadhalika, watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba mvua kwenye kaburi lenye mnara. Safari yao ina kicho, lakini wanajua wanamwendea nani. Hitilafu huanza pale mzimu unapotengwa na adabu hiyo ukauzwa kama kionjo. Mgeni husisimkwa na mwili, hupiga picha, huondoka akiamini kwamba mji ulitoweka kwa miujiza, na mjenzi Mswahili hutoweka mara ya pili.

Mwaka 2024, Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na bila shaka wageni watazidi. Mhakiki wa fasihi ana wajibu hapa sawa na mwanaakiolojia. Al-Inkishafi haimwamuru msafiri aogope tu. Inamtaka aite, na mtu haiti ila kwa jina. Pate majina yamehifadhiwa katika ubeti. Gede yatafutwe katika visima, katika kaure na katika masimulizi ya wanaoishi kando ya kuta zile, kabla wasimulizi hao nao hawajawa mwangwi.