Sea Ranch: Nyumba za Mbao na Makubaliano ya Ardhi

Katika pwani ya kaskazini ya jimbo la California nchini Marekani, kiasi cha kilomita 160 kutoka San Francisco, yako makazi yaitwayo Sea Ranch, ambayo yalianza kujengwa katikati ya miaka ya 1960, na ambayo wanahistoria wa usanifu majengo huyarejea kila wanapoeleza asili ya nyumba ya kisasa ya mbao iliyojengwa kwa kuifuata ardhi yake. Sifa hiyo hupewa zaidi umbo la nyumba zenyewe, yaani kuta za mbao zisizopakwa rangi na mapaa yanayoteremka upande mmoja tu. Hata hivyo, umbo hilo lilizaliwa na jambo kubwa zaidi, nalo ni makubaliano kuhusu ardhi: ipi ijengwe, ipi iachwe wazi, na nani awe na haki ya kupita.

Ardhi yenyewe haikuwa pori tupu. Wakashaya, ambao ni tawi la watu wa Pomo, walikuwa wakishuka ufuoni kukusanya mwani na kome tangu zamani za kale. Baada yao walikuja wakata magogo walioangusha miti mikubwa ya redwood, na kisha wafugaji wa kondoo, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 walipanda safu ndefu za misaipresi kutoka vilimani hadi karibu na majabali ya bahari, ili zizuie upepo. Mandhari iliyokuja kusifiwa kuwa ya asili ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya mikono ya wafugaji hao.

Mwaka 1963 kampuni ya Oceanic Properties, chini ya uongozi wa msanifu Al Boeke, ililichukua shamba hilo, lenye urefu wa takriban kilomita 16 kando ya bahari, na kumwita Lawrence Halprin, msanifu wa mandhari, yaani mtaalamu wa kupanga ardhi, mimea na njia kabla ya majengo. Katika miaka ya 1930 Halprin alikuwa ameishi Palestina katika kibbutz, kijiji cha kilimo ambacho wakazi wake humiliki mali kwa pamoja, na mawazo ya maisha hayo yanaonekana wazi katika mpango wake. Alianza kwa kuuchunguza upepo, kwa kuwa hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa kuishi. Kisha akapendekeza kwamba nyumba zikusanywe kandokando ya safu za misaipresi, malisho yaachwe wazi, na takriban nusu ya ardhi yote iwe mali ya wakazi kwa pamoja, pasipo uzio wala bustani za majani yaliyokatwa.

Majengo ya kwanza yaliutii mpango huo. Msanifu majengo Joseph Esherick alijenga nyumba chache za mfano zilizojibanza kwenye safu ya miti, mapaa yake yakifuata mshazari ambao upepo ulikuwa umeuchonga katika misaipresi yenyewe. Wasanifu wenzake Charles Moore, Donlyn Lyndon, William Turnbull na Richard Whitaker, kwa upande wao, walikamilisha mwaka 1965 jengo la Condominium One, ambalo ni makao 10 yaliyoungana kuuzunguka ua mmoja, kila moja likimilikiwa peke yake. Kila makao yalianzia kwenye mchemraba wenye upande wa mita 7.3 hivi, uliosimamishwa kwa nguzo nene za mbao zilizoachwa bila kurandwa, mfano wa maghala ya wafugaji. Ndani yake kulikuwa na nguzo nne zilizobeba jukwaa la kulala, na chini ya jukwaa hilo mlikuwa na meko. Mapaa hayakupewa upenu, kwa sababu upenu huupa upepo mahali pa kushika. Hakuna pambo hata moja katika jengo hili lisiloweza kuelezwa kwa sababu ya hali ya hewa, ya ujenzi au ya ujirani, na hapo ndipo ulipo ukuu wake.

Mafanikio hayo yalileta ugomvi. Wananchi wa California waliona kwamba ufuo mrefu umefungwa kwa manufaa ya wenye nyumba, na mwaka 1972 wapiga kura walipitisha sheria iliyounda tume ya pwani yenye mamlaka juu ya vibali vya ujenzi. Ujenzi ulikwama kwa miaka mingi, hadi sheria ya mwaka 1980 ilipofungua njia kadhaa za umma za kwenda baharini, na idadi ya nyumba zilizokusudiwa, zaidi ya 5,000, ikapunguzwa kwa zaidi ya nusu. Wakati huo viwanja vilikuwa vikiuzwa kimoja kimoja, na nyumba zikaanza kutawanyika malishoni: kamati ya usanifu iliendelea kusimamia mbao na mteremko wa paa, lakini ule mkusanyiko alioukusudia Halprin, ambao ndio uliokuwa na thamani zaidi, ulipungua.

Condominium One iliingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria mwaka 2005. Miaka 10 baadaye, Wakashaya walirudishiwa zaidi ya ekari 600 za pwani kusini mwa Sea Ranch, na mkataba wa kuirejesha ardhi hiyo ulitenga ndani yake njia ya umma ya kutembea kando ya bahari.