Historia ya Breketi ya Flashi: Umbali wa Mwanga na Mzigo wa Mkono

Breketi ya flashi ni mkono wa chuma unaofungwa chini ya kamera kwa parafujo ili kubeba taa ya flashi pembeni mwa lenzi au juu yake, na ingawa wengi huihesabu kuwa kifaa kidogo cha ziada, historia yake inahusu swali lililowasumbua wapiga picha tangu karne ya 19: mwanga wa kutengeneza ukae wapi, na nani aubebe. Mwanga unaotoka karibu mno na lenzi huifanya sura ya mtu ionekane bapa kama iliyopigwa pasi, ilhali mwanga uliosogezwa mbali huonyesha mashavu, pua na taya kwa umbo lake. Lakini kila sentimita inayoongezwa hulipwa na kiganja, kifundo cha mkono na bega la anayepiga picha. Waundaji wa vifaa hivi kwa muda mrefu walishughulikia mwanga wakausahau mkono, na ndiyo maana breketi inayoshikika bila kuchosha ilipatikana miongo mingi baada ya flashi yenyewe kufungwa kwenye kamera.

Mwanzoni hapakuwa na cha kufunga. Mwaka 1859 Robert Bunsen na Henry Roscoe walieleza kwamba mwanga wa magnesiamu, yaani madini mepesi yanayowaka kwa weupe mkali, ungeweza kufaa kwa upigaji picha, na baada ya waya wa magnesiamu kuanza kuuzwa Manchester, mpiga picha wa mji huo Alfred Brothers aliutumia mwaka 1864 ndani ya pango la Blue John katika eneo la Derbyshire. Mwaka uliofuata Charles Piazzi Smyth aliuwasha ndani ya Piramidi Kuu ya Misri. Waya huo uliwaka kwa sekunde kadhaa huku ukitoa moshi mweupe mzito, kwa hiyo kamera ilisimamishwa juu ya miguu mitatu na mtu mwingine akashika moto kando yake. Mabadiliko yalikuja mwaka 1887, Wajerumani Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walipochanganya unga wa magnesiamu na kloreti ya potasiamu pamoja na salfidi ya antimoni, wakapata unga uliolipuka mara moja na kumulika chumba kizima kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Unga huo ulimwagwa juu ya sinia dogo la chuma lenye mpini chini yake, ukainuliwa juu ya kichwa na kuwashwa, na mkono wa binadamu ulioshika sinia hilo ndio uliofanya kazi ya breketi kwa zaidi ya miaka 40.

Mkono huo uliungua mara nyingi. Jacob Riis, mwandishi wa habari mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi New York, aliusoma ugunduzi wa Wajerumani akaona kwamba ndio njia ya kuwaonyesha matajiri wa mji ule namna maskini walivyolala wakiwa wamerundikana katika vyumba visivyo na dirisha. Yeye na wenzake walianza kwa kufyatua unga kwa bastola, lakini wakaaji wa vichochoro walikimbia walipoona watu wanaingia usiku na silaha, hivyo Riis akaiacha bastola akaanza kuulipua unga kwenye kikaango cha jikoni. Kitabu chake cha mwaka 1890, How the Other Half Lives, kilichangia kuleta mageuzi ya makazi katika mji ule; na katika simulizi ya maisha yake aliyoichapisha baadaye alikiri kwamba aliwahi kuwasha nyumba moto mara mbili na kujiwasha mwenyewe mara moja. Hatari hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutaka mwanga uwe mbali na mwili, na ilitangulia kabisa sababu za urembo wa picha.

Afrika Mashariki iliingia mapema katika historia hii. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyesafiri katika nyika ya Wamaasai na maeneo ya jirani na Kilimanjaro wakati nchi hiyo ilipokuwa koloni la Ujerumani, alitumia unga wa flashi kuwapiga picha wanyama usiku, wakiwemo simba waliojia chambo cha mifugo, na kitabu chake Mit Blitzlicht und Büchse kilichotoka Leipzig mwaka 1905 kiliwashangaza wasomaji wa Ulaya ambao hawakuwa wamewahi kuona mnyama wa porini katika giza lake mwenyewe. Mitambo hiyo haikuweza kushikwa mkononi hata kidogo: kamera na taa zilifichwa karibu na chambo, na mnyama mwenyewe akajipiga picha alipougusa uzi. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba mzigo wote huo wa kamera, vioo vya picha na unga ulifika huko juu ya vichwa na mabega ya wapagazi wa Kiafrika, na kwa hiyo sifa ya picha zile ni haki yao pia.

Kilichoruhusu flashi kuhamia kwenye kamera ni kufungiwa kwa moto ndani ya kioo. Balbu ya flashi, iliyotengenezwa Ujerumani kutokana na kazi ya Paul Vierkötter na Johannes Ostermeier na kuuzwa kwa jina la Vacublitz, ilikuwa chupa ya kioo iliyojazwa oksijeni na karatasi nyembamba ya alumini, ambayo umeme mdogo wa betri uliiwasha mara moja bila moshi wala cheche. Kufikia mwaka 1930 balbu za aina hiyo ziliuzwa Uingereza na Marekani pia. Kila balbu ilitumika mara moja tu, ikatoka ikiwa moto wa kuunguza vidole, na mara chache ilipasuka. Baadhi ya viwanda viliweka ndani yake doa la buluu lililogeuka waridi pale hewa yenye unyevu ilipopenya, ili mpiga picha ajue kwamba balbu hiyo imeharibika na huenda ikalipuka. Pamoja na kasoro hizo, kwa mara ya kwanza mtu mmoja aliweza kushika kamera na mwanga wake kwa wakati mmoja, na hapo ndipo breketi ilipozaliwa.

Umbo lake la kwanza maarufu lilionekana kwenye Speed Graphic, kamera kubwa ya wanahabari wa Marekani iliyotengenezwa Rochester tangu mwaka 1912. Ubavuni mwa kamera lilifungwa bomba la chuma lililong'arishwa, lenye betri tatu kubwa za tochi ndani yake, na juu ya bomba hilo likakaa bakuli la kuakisi mwanga lenye balbu katikati. Bomba lilikuwa nyumba ya betri na mpini kwa pamoja, na kitufe chake chekundu kilipobonyezwa kilipeleka umeme kwenye balbu na kwenye sumaku iliyofyatua shata, yaani mlango mdogo unaoruhusu mwanga kuingia kwenye filamu, ili viwili hivyo vifanye kazi pamoja. Mpiga picha aliilamba balbu kitakoni ili umeme upite vizuri, akaichomeka, akapiga, akaitoa ingali moto, akatia mkono mfukoni kutafuta nyingine. Weegee, aliyezunguka New York usiku akiwahi matukio ya uhalifu kwa kusikiliza redio ya polisi, alifanya kazi kwa kifaa cha namna hii, na weupe mkali wa picha zake unatokana moja kwa moja na mahali bakuli lile lilipokaa: juu kidogo, kando kidogo, mbali kiasi cha kutupa kivuli. Ilikuwa kazi ya watu wenye mikono yenye nguvu, maana kamera peke yake ilizidi kilo 2. Mabomba hayo yalipata umaarufu wa pili mwaka 1977, waandaaji wa filamu ya Star Wars walipoligeuza moja kuwa mpini wa upanga wa mwanga, na tangu hapo wakusanyaji wamekuwa wakiyanunua na kuyavunja ili kutengeneza panga za mapambo, kiasi kwamba vifaa vilivyorekodi nusu ya historia ya Marekani ya karne ya 20 vinapotea kwa sababu ya kitu ambacho havikuwa.

Kamera zilipopungua ukubwa, umbali ulipungua nao. Kamera ya Univex Mercury ya mwaka 1938 ilikuwa na kitako cha juu chenye mguso wa umeme, ambapo flashi huingizwa na kuwaka bila waya, na mpangilio huo ukaja kuwa wa kawaida duniani kote. Mwaka 1965 zikaja balbu nne ndani ya kijisanduku cha plastiki kilichochomekwa juu ya kamera ndogo za familia, sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, na albamu za nyumbani zikajaa macho mekundu. Sababu yake inaeleweka: gizani mboni hufunguka sana, mwanga huingia hadi nyuma ya jicho penye mishipa mingi ya damu, kisha hurudi kwa njia ileile uliyoingilia, na lenzi iliyo karibu na flashi huupokea. Kwa mtu aliyesimama mita 3, flashi iliyo sentimita 5 kutoka kwenye lenzi hufanya pembe ya takriban digrii 1 tu, ilhali ile iliyo sentimita 20 hufikia karibu digrii 4, na tofauti hiyo hutosha mara nyingi kuondoa wekundu huo. Viwanda vililijua hilo, kwa kuwa katika miaka ya 1970 viliuza safu ya balbu nane iliyosimama wima, ambayo huwasha zile nne za juu kwanza kisha hupinduliwa ili nne zilizobaki zije juu, kwa nia ileile ya kuuweka mwanga mbali na lenzi.

Wakati huohuo flashi ya umeme, iliyotokana na utafiti wa Harold Edgerton katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts tangu mwanzo wa miaka ya 1930, ilikuwa imeondoa balbu za kutupa. Umeme hukusanywa ndani ya kapasita na kuachiwa kupitia gesi ya xenoni, na taa ileile huwaka maelfu ya mara. Kampuni ya Metz ya Ujerumani iliijenga flashi hiyo juu ya mpini mnene unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, na zile za Mecablitz 45, zilizopewa jina hilo kutokana na kipimo chao cha nguvu, ziliwekwa betri sita ndogo ndani ya mpini wenyewe na kufungwa kwenye kamera kwa breketi iliyonyooka. Mpini ulijaa kiganjani vizuri, uzito wa betri ukakaa chini badala ya kuning'inia juu, na mkono wa kulia ukabaki na kazi ya kufyatua peke yake. Kwa picha za ulalo haukuwa na mpinzani.

Tatizo lilibaki kwenye picha za wima. Kamera iliyo na flashi upande wa kushoto ikigeuzwa ili kushoto kuwe chini, mwanga humpiga mtu kutoka kidevuni na kutupa kivuli kirefu ukutani juu ya kichwa chake. Ikigeuzwa upande wa pili, flashi huja juu lakini mkono wa kushoto hulazimika kuinuliwa na kubeba mzigo wote hewani. Jibu zuri kuliko yote lilitoka Marekani katika robo ya mwisho ya karne ya 20, kwa breketi za kupinduka kama zile za Stroboframe, ambazo mkono wake wa juu huzunguka kwa msukumo wa kidole na kuirudisha flashi juu ya lenzi kila kamera inapogeuzwa. Kivuli huanguka nyuma na chini ya mabega, mahali ambapo hakionekani. Waya wa kuipelekea flashi amri za kamera, kama SC-17 ya Nikon, ulifanya kipimo cha mwanga kinachosomwa kupitia lenzi kiendelee kufanya kazi ingawa flashi imeondoka kwenye kitako chake.

Wapiga picha wa harusi ndio walioonyesha kwamba starehe ya kifaa hiki hutegemea ufungaji wake. Parafujo ya robo inchi inayoingia chini ya kamera ni moja tu, kwa hiyo kamera huzunguka juu yake ikibebwa saa nyingi, na kadiri mtu anavyoikaza kwa nguvu ndivyo anavyouumiza uzi wa kamera. Breketi bora huwa na ukingo mdogo unaoegemea mgongo wa kamera na kipande cha mpira au kizibo kinachokamata, ili ukazaji wa vidole viwili utoshe. Mpini ukikaa karibu na lenzi, viwiko hushuka hadi kwenye mbavu na kiwiliwili hubeba sehemu ya uzito. Ukikaa mbali, kifundo cha mkono hupinda na kuchoka kabla ya bibi harusi kufika ukumbini. Mkono wa juu ukizidi urefu unaohitajika, mzigo wote huyumba kila hatua inapopigwa.

Mawasiliano yasiyo na waya, ambayo Minolta iliyaingiza katika flashi zake mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na kamera za kidijitali zinazoona vizuri gizani, yameipunguzia breketi wateja, na wengi sasa huielekeza flashi kwenye dari nyeupe ili mwanga urudi ukiwa laini. Njia hiyo inahitaji dari. Sherehe inapofanyika uani, chini ya turubai la rangi au paa la makuti, mwanga ulioelekezwa juu humezwa au hurudi na rangi isiyotakiwa, na hapo breketi ya kupinduka iliyofungwa sawasawa, pamoja na waya wake, bado ndicho kifaa cha uhakika zaidi. Kwa hiyo studio zenye breketi za zamani kabatini zinashauriwa zizisafishe, zizibadilishie mpira uliokauka na kuzirudisha kazini badala ya kuziuza kama chuma chakavu.