Urithi wa Malaria na Hatari ya Lupasi: Hoja kutoka Masisi na Walikale

Katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, homa huitwa malaria kabla ya kuitwa jina lingine, na mara nyingi ni malaria kweli. Makala haya yanadai kwamba malaria inahusiana pia na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo, ngozi, figo na tishu unganishi. Baadhi ya jeni zinazoongeza hatari ya lupasi zilibaki katika vizazi vyetu kwa sababu ziliwaokoa watoto wasife kwa malaria.

Hakuna jeni moja iletayo lupasi kwa watu wote. Wachache huzaliwa bila protini ya C1q, na wengi wao huugua. Kwa wagonjwa walio wengi, hatari hujengwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na homoni, mwanga wa jua na maambukizi. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwenye jeni ya FCGR2B. Protini yake ni breki ya seli zinazotengeneza kingamwili. Lipo umbo la jeni hiyo ambalo breki yake ni dhaifu, nalo limeenea zaidi Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki kuliko Ulaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto wa Kenya waliorithi umbo hilo kwa baba na kwa mama walipungukiwa na hatari ya malaria kali. Umbo hilohilo liliambatana na lupasi kwa wagonjwa wa Ulaya na Asia. Kinga kali humwokoa mtoto, kisha yaweza kumdhuru akiwa mtu mzima.

Je, basi Walikale, yenye misitu ya bondeni na mbu wengi, ina hatari kubwa kuliko milima ya Masisi yenye baridi? Hoja hiyo inavutia, lakini ni dhaifu. Jeni hufuata nasaba, na nasaba za hapa zimehamahama. Tangu 1937 utawala wa Kibelgiji ulihamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda, na vita vya miaka ya karibuni vimetawanya watu tena. Kwa hiyo mahali mtu anapoishi leo hapaelezi alichorithi, na jina la kabila lake linaeleza kidogo mno. Mtafiti atakayepanga sampuli kwa kabila atapotosha sayansi, na katika nchi iliyoumizwa na ukabila atachochea moto.

Kliniki nayo isisubiri maabara ya jeni. Katika eneo la malaria, mtu anaweza kubeba vimelea huku akiugua lupasi, hivyo kipimo chanya peke yake hakifungi uchunguzi. Mwanamke mwenye homa zinazorudi, maumivu ya viungo, vidonda vya mdomoni na nywele zinazonyonyoka apimwe shinikizo la damu na protini kwenye mkojo, kisha apewe rufaa mapema. Haidroksiklorokwini, dawa ya msingi ya lupasi, imetoka katika familia ya klorokwini iliyotibu malaria. Vyuo vikuu na wizara ya afya wahakikishe dawa hiyo na vipimo hivyo vinafika Masisi na Walikale kabla ya kuomba damu ya wakazi kwa utafiti.