Chenga

Asubuhi moja ya Julai hapa Sumbawanga, baridi ya Ufipa ikiwa imekaza, saa ya mkononi ya baba mdogo ilisoma mapigo 41, mara 130, mara vistari vitupu. "Inaleta chenga," akasema, akificha mikono kwapani.

Neno hilo kalitoa kwenye runinga za antena, picha inapochafuka. Jikoni, chenga ni punje za mchele zilizokatika. Uwanjani, ni ujanja wa kumkwepa beki. Maana zote zinaifaa saa hiyo. Saa humulika ngozi kwa taa ya kijani ikifuatilia damu inavyopita. Mishipa ikijikunyata kwa baridi, wimbi la damu linadhoofika. Hata kihisio cha mapigo cha chini ya godoro, ambacho hakivaliwi kabisa, hakikwepi chenga: hunasa mtikisiko wa mwili moyo unaposukuma damu, jambo ambalo Isaac Starr wa Marekani alilipima kwa kitanda maalumu miaka ya 1930. Mlalaji akijigeuza tu, mtikisiko huo unapotea.

Wataalamu huita kasoro hii kelele. Mimi nabaki na chenga. Hakuna anayesikia chochote, na chenga angalau zinachekechwa kabla ya kupika namba.

Baba mdogo alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Saa ikasoma 74.